Bustani ya etaji karibu na mlango: mboga na frezi katika gunia na ndoo

Somo kwa wamama wanaoleta watoto kupimwa, Masisi na Walikale



Siku ya kupima watoto mwuguzi anaandika kilo kwenye fishi, halafu anauliza: «Mtoto anakula nini nyumbani?» Mara nyingi jibu ni lile lile.

«Anakula bugali.»

«Na mboga?»

Mama anaangalia chini. «Mboga ni ya kununua, na franga haiko. Shamba yetu iko kule juu, na njia haiko muzuri siku hizi. Hapa niko na mafasi ya mlango tu.»

Somo hili tumeliandika kwa ajili ya yule mama mwenye mafasi ya mlango tu.

Tunajua haya si maneno ya uvivu. Huku Masisi udongo ni mzuri sana, lakini milima mingi ni malisho ya ng'ombe, na mama wengi hawana hata kipande kidogo cha kulima. Tena, tangu vita vya mwaka 1993 watu wa Masisi na Walikale wamekimbia mara nyingi, na hata leo kufika shambani kunaweza kuwa hatari. Huko Walikale ardhi ni kubwa, lakini shamba liko ndani ya pori, mwendo wa saa nyingi. Na karibu na machimbo vyakula vinafika juu ya mgongo wa mtu, kwa hiyo bei yake ni kali.

Basi, kama shamba liko mbali, tulete shamba karibu. Na kama mafasi ya chini ni kidogo, tupande kwenda juu.

1. Bustani ya etaji ni nini?

Mjini watu wakikosa mafasi wanajenga nyumba ya etaji, moja juu ya nyingine. Sisi tunafanya vile vile na mboga. Tunajaza gunia udongo, tunatoboa matundu pembeni, na kila tundu linabeba mche mmoja. Ama tunapanga beseni, ndoo na kopo, kimoja juu ya kingine. Gunia moja linakaa mahali pa kiti kimoja, lakini linabeba miche 20 mpaka 30 pembeni, pamoja na ile ya juu.

Hii si kazi ya majaribio tu. Huko Nairobi, katika mtaa wa Kibera ambako nyumba zimebanana sana, maelfu ya familia walianza kulima mboga ndani ya magunia kuanzia mwaka 2008. Wakimbizi wa kambi za Kakuma na Dadaab, kaskazini ya Kenya, wamelima hivyo mahali penye jua kali na maji machache. Na hapa kwetu, fikiri juu ya Goma: mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kufunika udongo. Mahali pa mawe kama hayo jembe haliingii, lakini gunia linakaa vizuri juu ya jiwe.

2. Kwa nini mtoto anahitaji majani ya kijani?

Bugali inashibisha tumbo, lakini haitoshi kujenga mwili. Majani ya kijani kama lengalenga, matembele na sombe yanaleta vitu viwili ambavyo mtoto wa bugali peke yake anavikosa.

Kwanza, vitamini A. Inalinda macho na inasaidia mwili kupigana na magonjwa, zaidi sana surua na kuhara. Ndiyo sababu hapa kliniki mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 anapewa matone ya vitamini A kila miezi 6. Lakini matone ni mara 2 tu kwa mwaka, na mtoto anakula kila siku.

Pili, madini ya chuma. Chuma kinasaidia kutengeneza damu. Mtoto, na mama mwenye mimba vile vile, akikosa chuma anakuwa mweupe katika viganja na ndani ya macho, anachoka, hana nguvu.

Sasa, mama, sikia neno hili vizuri. Mboga peke yake haiponyeshi bwaki. Bustani hii inazuia njaa iliyofichwa, lakini mtoto aliyekwisha kuanguka katika bwaki ni mgonjwa, anahitaji hospitali. Usikae nyumbani kungoja lengalenga ikomae. Mlete upesi ukiona alama hizi:

– Miguu yote miwili imevimba. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya kila mguu, hesabu mpaka tatu, kisha ondoa. Shimo likibaki, mlete leo.
– Kipimo cha mkono kinaonyesha rangi nyekundu, maana yake mkono hauko na sentimita 11 na nusu.
– Mtoto anakataa chakula, nywele zinabadilika rangi na kung'oka, ngozi inabanduka.

Kipimo kikionyesha rangi ya manjano, mtoto yuko njiani kuelekea hatari. Huyo pia mwuguzi amwone.

3. Vitu vya kutafuta

Usinunue kitu kabla ya kutazama nyuma ya nyumba. Unahitaji:

– Gunia moja la kilo 50 au 100, lile la plastiki lililofumwa. Lenye tundu dogo si kitu, utalitoboa mengine.
– Mawe madogo, ndoo mbili hivi.
– Kopo kubwa, kama lile la mafuta la lita 4, lililokatwa juu na chini liwe kama bomba.
– Udongo mweusi, mbolea iliyooza na mchanga.
– Fimbo tatu au nne ngumu.

Kipimo cha udongo ni hiki: mabeseni 3 ya udongo, 2 ya mbolea, 1 ya mchanga. Huko Masisi mbolea ni mavi ya ng'ombe. Huko Walikale tumia mavi ya mbuzi na ya kuku pamoja na majani ya pori yaliyooza mpaka yakawa meusi. Mavi mabichi yanaunguza mizizi. Yafunike yakae miezi 2 au 3, mpaka yasiwe tena na moto wala harufu kali.

*Angalisho.* Usitumie kamwe choo cha watu kuwa mbolea ya mboga: kinaleta minyoo na kuhara. Usitumie pia bidoni au pipa lililowekwa petroli, dawa ya mimea au dawa ya machimbo, hata ukiliosha mara kumi. Sumu inabaki ndani ya plastiki, mche unainywa, mtoto anaila.

4. Namna ya kutengeneza gunia

*Kwanza*, chagua mahali. Jua lifike nusu ya siku, na mlango uwe karibu ili kuku na mbuzi wasile mbele ya macho yako. Gunia lililojaa halihamishwi, kwa hiyo fikiri vizuri kabla.

*Pili*, kunja mdomo wa gunia mpaka chini kama mkono wa shati. Weka udongo kiasi cha kiganja ndani. Simamisha kopo katikati, lijaze mawe, kisha mwaga udongo pembeni ya kopo mpaka ulingane nalo.

*Tatu*, vuta kopo juu polepole. Mawe yanabaki katikati. Kunjua gunia kidogo, weka kopo tena juu ya mawe yale yale, jaza tena mawe na udongo. Endelea hivyo mpaka gunia lifike kiunoni. Ile nguzo ya mawe ndiyo njia ya maji. Pasipo mawe, maji yanakaa juu, na miche ya chini inakufa kwa kiu.

*Nne*, zungushia fimbo na funga kwa kamba lisianguke. Gunia lililolowa ni zito sana, na watoto wanapenda kucheza karibu.

*Tano*, mwagilia, acha siku 2 au 3 udongo ushuke, kisha ongeza udongo juu.

*Sita*, toboa matundu pembeni kwa kisu, kila moja mbali na jirani yake kadiri ya shibiri moja. Usiyapange mstari mmoja toka juu mpaka chini, bali yapishane, ili mche wa juu usimfunike wa chini. Tundu liwe dogo, la kuingia vidole viwili tu, udongo usitoke.

Kubeba mawe na udongo ni kazi nzito. Mama mwenye mimba asiifanye peke yake. Mwonyeshe baba wa watoto karatasi hii. Mtoto ni wake pia.

5. Namna ya kupanga ndoo na makopo

Kama gunia halipatikani, au unataka bustani ndogo ya viungo na frezi, tumia vyombo vilivyotoboka. Beseni pana linakaa chini, ndoo iliyokatwa nusu katikati, kopo juu kabisa. Kila kimoja kitobolewe chini matundu matano au sita, na chini ya udongo uweke mawe madogo kidogo. Kisimamishe kile kidogo juu ya udongo wa kikubwa, katikati, na ukizamishe kidogo kisiyumbe. Sasa kuzunguka ukingo wa kila chombo kuna mafasi ya miche: mitano au sita katika beseni, mitatu au minne katika ndoo, mmoja katika kopo.

Mwaga maji juu kabisa. Yanashuka toka kopo mpaka ndoo, toka ndoo mpaka beseni. Hakuna tone linalopotea. Uzuri mwingine ni huu: vyombo hivi vinaweza kushushwa na kuingizwa chini ya paa siku ya mvua ya mawe.

6. Nini ipandwe wapi?

Masisi na Walikale ni jirani, lakini hali yake ya hewa si moja. Masisi ni nchi ya juu na baridi. Walikale ni nchi ya chini, ya pori, joto na mvua karibu mwaka mzima. Kinachopendeza huku kinaweza kuoza huko.

*Wa nchi ya baridi, Masisi:* pembeni ya gunia panda seleri, poaro, vitunguu vya majani, persili na sukuma. Juu ya gunia, ambako mizizi ina mafasi, panda karoti au shu moja mbili. Lengalenga inakua pia, lakini pole kuliko huko chini. Frezi zinafaa hapa.

*Wa nchi ya joto, Walikale:* pembeni panda lengalenga, matembele na pilipili ndogo. Juu panda bilinganya au bamia. Kando ya gunia panda mchaichai. Hatari yenu ni maji mengi, si kiu. Inua gunia juu ya mawe au vipande vya miti, ongeza mchanga kidogo katika udongo, na mvua ikizidi weka paa dogo la majani juu ya miche michanga.

Usihangaike kupanda frezi huko Walikale. Zinapenda baridi, katika joto na unyevu zinaoza. Mama wa Walikale hakupoteza kitu. Mapera yanayookotwa na watoto njiani, kwa uzito ule ule, yana vitamini C mara 3 au zaidi kupita frezi. Papai linaleta vitamini C pamoja na vitamini A. Na mafuta ya ngazi, yale mekundu, yana vitamini A nyingi. Kila nchi ina dawa yake.

Lengalenga mwaga mbegu juu ya gunia, funika na udongo mwembamba kama chumvi juu ya chakula. Baada ya wiki 3 au 4 unaanza kuvuna. Usiing'oe. Kata ncha, nayo itatoa matawi mawili, na utakata tena. Seleri, sukuma na poaro zianze kwanza katika beseni kuukuu. Zikipata majani manne au matano, zihamishe jioni jua likishuka. Ingiza mzizi wote ndani ya tundu, kisha bana udongo kwa kidole. Matembele hayahitaji mbegu, unachomeka kipande cha shina tu.

7. Frezi, matunda madogo mekundu

Frezi, wengine wanasema stroberi, ni mmea mdogo unaolala chini, na ndiyo sababu unafaa sana katika ndoo za etaji: matunda yananing'inia nje, hayagusi udongo, hayaozi upesi.

Hazipandwi kwa mbegu, bali kwa watoto wake. Mmea mkubwa unatoa kamba, na mwisho wa kamba mtoto anaota mizizi. Omba watoto hao kwa jirani mwenye mmea. Angalia katikati ya mche, pale majani yote yanapotokea: ndio moyo wake. Moyo uwe sawa na udongo. Ukizikwa unaoza, ukiachwa juu sana mizizi inakauka.

Maua ya kwanza yaondoe. Wamama wengi wanahuzunika kufanya hivyo, lakini mche unaozaa kabla ya kushika mizizi unabaki dhaifu. Miezi 2 au 3 baada ya kupanda utapata matunda ya kwanza. Kata pia kamba zinazozidi, ama mmea utatumia nguvu zote kuzaa watoto, si matunda. Baada ya miaka 2 au 3 mmea unachoka. Panda mwingine toka watoto wake.

Chuma tunda likiwa jekundu lote. Likichumwa likiwa na weupe halitaiva tena. Nalo halikai: siku 1 au 2 tu.

Faida yake kwa mtoto ni vitamini C. Hii inasaidia mwili kupokea chuma cha maharagi na cha mboga. Kwa hiyo mpe frezi au pera pamoja na chakula, siku ile ile, saa ile ile, na chakula kitamsaidia zaidi. Kwa mtoto mdogo ziponde au zikate vipande, zisimkabe.

8. Maji na wadudu

Gusa udongo kwa kidole kila asubuhi. Ukiwa mkavu mpaka kiungo cha kwanza cha kidole, mwagilia. Wakati wa kiangazi, mwezi wa 6 mpaka wa 8, gunia linaweza kutaka lita 5 au zaidi kwa siku. Usichote maji mapya kwa kazi hiyo kama chemchemi iko mbali. Maji ya kuosha mboga, ya kuosha mchele, ya kusuuza nguo yanatosha. Maji yenye sabuni nyingi au javeli yanaua mche. Maji yoyote yasiyo safi yamwage juu ya mawe ya katikati, si juu ya majani.

Konokono wanapenda frezi. Nenda jioni na taa, waokote kwa mkono. Wadudu wadogo wa majani wafute kwa maji yenye sabuni kidogo. Jivu kavu kuzunguka shina linasaidia pia. Dawa ya sumu usiweke, kwa sababu bustani hii iko karibu na mlango, na mikono ya mtoto inafika.

Kila baada ya kuvuna mara nyingi udongo unachoka. Ongeza mbolea iliyooza juu. Gunia lenyewe likianza kuchanika, baada ya mwaka mmoja au miwili, hamisha udongo ndani ya jingine.

9. Toka bustani mpaka sahani ya mtoto

Mpaka miezi 6 mtoto anyonye titi tu. Hata maji asipewe, wala mboga, wala frezi. Toka miezi 6 aendelee kunyonya na aanze chakula.

Osha mikono kwa sabuni. Osha majani kabla ya kukata, si baada, maana vitamini inatoka na maji. Pika muda mfupi, na usimwage maji ya kupikia. Sombe peke yake ni tofauti: lazima itwangwe na kupikwa muda mrefu, kwa sababu mbichi ina sumu.

Frezi na majani ya salata yanayoliwa mabichi, osha kwa maji safi yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa. Mahali petu kolera inarudi mara kwa mara. Usifanye mchezo na maji.

Uji wa mtoto wa miezi 6 na zaidi:

– Uji mzito wa mahindi au mtama, usiomwagika upesi toka kijikoni.
– Maharagi yaliyopondwa, au unga wa karanga, au sambaza zilizosagwa.
– Kijiko cha lengalenga iliyopikwa na kupondwa.
– Kijiko kidogo cha mafuta ya ngazi. Usiyaunguze mpaka yawe meupe: ule wekundu ndio vitamini A yenyewe. Bila mafuta, mwili haupokei vizuri vitamini A ya majani.

Anza na vijiko 2 au 3 vikubwa, mara 2 au 3 kwa siku, na uongeze polepole. Mtoto wa miezi 9 na kupita ale mara 3 au 4. Kama kuna yai au maziwa, zaidi sana huku Masisi penye ng'ombe, ampate yeye kwanza.

10. Kuuza au kula?

Hapa ndipo bustani nyingi zinapokosa kazi yake.

Tuseme mama mmoja amepata frezi nzuri na seleri nzuri. Watu wa mjini wanazipenda. Anauza zote, anapata franga, anafurahi. Njiani anamnunulia mtoto biskuti na maji matamu ya rangi. Mwezi ukiisha anakuja kliniki, na mstari wa fishi umelala au umeshuka. Mama huyu hakukosa bidii. Chakula chema kilitoka mlangoni mwake, na sukari ikaingia.

Hatukatazi kuuza. Franga ni lazima, kwa sabuni, kwa shule, kwa dawa. Lakini shika sheria hii moja: sahani ya mtoto kwanza, soko baadaye. Asubuhi toa kwanza sehemu ya watoto na ya mama mwenye mimba, iweke pembeni. Kinachobaki, uza. Na katika franga zile nunua kile ambacho gunia haliwezi kuzaa: maharagi, sambaza, yai, mafuta, chumvi yenye madini ya iyode.

11. Ukilazimika kuhama

Mama mmoja anaweza kuuliza: «Nipande juu ya nini, na kesho tutakimbia?» Ulizo hili ni la kweli, na hatulijibu kwa maneno mepesi.

Gunia halibebwi. Mbegu zinabebwa. Acha shina moja la lengalenga lisikatwe, litoe maua na kukauka. Litikise juu ya kitambaa: mbegu ndogo nyeusi zitaanguka, nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Zikaushe kivulini, zichanganye na jivu kavu, uzifunge. Sehemu moja weka ndani ya chupa nyumbani. Sehemu nyingine funga katika pindo la kitambaa, mahali unapoweka fishi ya mtoto. Vitu hivyo viwili, fishi na mbegu, viwe pamoja siku zote. Mahali utakapofika, gunia kuukuu na udongo vitapatikana, na baada ya wiki 4 mtoto anaweza kula mboga tena.

Tena, mpe jirani mbegu na watoto wa frezi. Bustani yako ikipotea, utazikuta kwake.

Kumbuka

– Mafasi ya mlango yanatosha kwa gunia moja.
– Mbolea iliyooza, mawe katikati, maji juu.
– Masisi: seleri, poaro, sukuma, frezi. Walikale: lengalenga, matembele, mapera.
– Majani pamoja na maharagi na mafuta, si majani peke yake.
– Miguu ikivimba, hospitali leo.
– Sahani ya mtoto kwanza, soko baadaye.

Maulizo ya kujibu pamoja

1. Kwa nini tunaweka nguzo ya mawe katikati ya gunia?
2. Bidoni gani haifai kupandia, na kwa sababu gani?
3. Mtoto ana uvimbe miguuni, na lengalenga imeanza kuota. Mama afanye nini?
4. Kwa nini tunatia mafuta ya ngazi katika mboga ya mtoto?
5. Ni nani hapa mwenye gunia kuukuu nyumbani? Ni nani mwenye mbegu? Msiondoke kabla hamjapatana.

Mwezi ujao, siku ya balansi, mwuguzi atauliza tena: «Mtoto anakula nini nyumbani?» Uje na jibu lako, mama. Na kama unaweza, uje na tawi moja la bustani yako, wengine walione.